Mkakati wa Ajali

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana, ngoja niifupishe aibu yangu ili tusonge mbele.

Mimi ndiye yule karani wa nyaraka za mizigo, kiwanda cha maturubai na mahema, niliyekwenda semina ya siku mbili kwa ajili ya chakula cha mchana nikajikuta na cheo. Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo kikaoni. Mkurugenzi aliuliza kwa nini wateja wetu wa nchi sita bado wanaagiza mali kwa simu, kama enzi za marehemu baba yake. Wote wakainamia meza. Mimi nikasema, "Bosi, tunahitaji mkakati wa kidijitali ulio ajaili."

"Ajaili ndiyo nini?"

"Wepesi. Unajaribu kidogo kidogo, unakosea haraka, unarekebisha haraka."

Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayo. Ni ya siku ya kwanza ya semina. Siku ya pili nililala.

Wiki iliyofuata nikaitwa Mkuu wa Mkakati wa Kidijitali. Bwana stoo, ambaye masikio yake yameumizwa na miaka mingi ya kelele za cherehani, akasikia anavyosikia. Mpaka leo anauita Mkakati wa Ajali. Nilimsahihisha mara tatu, nikachoka.

Mkakati ulikwenda kwa mbio fupi, kila mbio wiki mbili. Mbio ya kwanza ilikuwa kufunga chumba cha simu. Wapokea maagizo walikuwa watatu. Wawili walihamishiwa ukaguzi wa mishono. Nafasi ya tatu haikuwepo, na mimi niliogopa kuambiwa napendelea ndugu, kwa hiyo ndugu yangu ndiye niliyemwandikia barua ya kuondoka.

Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, ndiye aliyenifulia, akanipikia, akanisainia ripoti za shule. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kile cha simu. Barua sikuweza kumpa mkononi. Niliichomeka chini ya simu yake alipokwenda kunywa chai.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Miezi mitatu baada ya barua ile, nilikuwa shujaa.

Programu yetu ya kuagizia ilikuwa hewani na maagizo yalikuwa yanamiminika. Kila asubuhi saa mbili na nusu tulikuwa na kikao cha kusimama. Tunasimama duara mbele ya ukuta uliobandikwa vikaratasi vya rangi, kila mtu anasema jana alifanya nini na leo atafanya nini. Bwana stoo peke yake ndiye aliyeleta kiti.

Jumatatu hiyo skrini kubwa ikaonyesha agizo la mia tatu. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akanishika bega.

"Nchi sita," akasema, "na hakuna hata mtu mmoja anayeshika simu!"

Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Kwa kweli nilikuwa natafuta kamera iko upande gani.

Kikao kilipovunjika, fundi wetu wa programu akanivuta shati. Huyu tunamwita Miwani. Ni binti mpole, haongei mpaka awe na hakika.

"Kaka, kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kitu gani?"

"Haya maagizo mia tatu. Yote yametoka kwenye simu moja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Una maana nchi moja."

"Simu moja, kaka. Kifaa kimoja. Wateja wote wamejiandikisha kwa namba moja ya simu. Halafu angalia saa." Akanionyesha kwenye kompyuta yake. "Yanaanza saa tatu asubuhi. Saa saba yanasimama, saa nane yanaendelea. Saa kumi na moja jioni yanakoma. Wateja wa nchi sita wote wanakula chakula cha mchana pamoja."

Nikaivuta kompyuta karibu yangu.

"Na Alhamisi iliyopita," akaendelea, "asubuhi nzima hakuna agizo hata moja. Kulikuwa na nini Alhamisi?"

Nilijua kulikuwa na nini. Alhamisi mke wangu aliniambia, huku anafunga mkoba, "Leo wifi ndiye anampeleka mtoto kliniki kuchanjwa." Wifi yake ni mmoja tu. Dada yangu alikuwa hasemi na mimi, lakini na mke wangu na mtoto wangu hakuwa na ugomvi.

"Usimwambie mtu," nikamwambia Miwani.

"Nimwambie nani? Mkuu wa mkakati ni wewe."

Sikusubiri saa ya kutoka. Nilipofika kwa dada mlango ulikuwa wazi na sauti yake nikaisikia kutoka nje, ileile ya chumba cha simu, ya mtu anayejua atakachoambiwa kabla hajaambiwa.

"Maturubai mia? Mzee wangu, tangu lini wewe ukauza mia? Unasema mia, unataka sitini. Haya. Sitini, ya buluu, pete za shaba kila nusu mita. Na mguu wa mama watoto unaendeleaje?"

Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula. Kwenye sikio simu moja ya zamani, ya vitufe. Mbele yake simu nyingine, ya kisasa, imeegemezwa kwenye mtungi wa maji, na juu yake programu yetu. Programu yangu. Kidole chake kilikuwa kinagonga kile kioo haraka kuliko Miwani mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Alimaliza na mteja, akaaga vizuri, akaandika kitu kwenye daftari. Ndipo akaninyanyulia macho.

"Umekuja kunipa barua nyingine?"

"Dada, unafanya nini?"

"Nafanya kazi. Wewe je, saa hizi kazini umetoroka?"

"Hiyo ni programu ya wateja."

"Najua. Wateja wenyewe ndio walioniambia. Wiki ile ya kwanza walinipigia wote, mmoja baada ya mwingine. Namba yangu wanayo miaka kumi na tisa. Mmoja anasema programu yenu imemuuliza jina la mtaa, na kwao mitaa haina majina. Mwingine anasema imemkatalia herufi za jina lake. Yule mwenye mahema ya harusi, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa karibu kulia. Ningewaambiaje? Waende kwa washindani?"

"Ungewaambia wapige ofisini."

"Ofisini simu mlizing'oa."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Yule niliyekuwa naongea naye sasa hivi," akasema, "kila mara anaagiza mia kwa sababu ya majivuno, duka lake halibebi zaidi ya sitini. Mashine yenu ingempelekea mia. Arobaini yangelala nje, yangeharibika, halafu angewalaumu ninyi, mwisho angewakimbia. Mimi nampelekea sitini na hajawahi kulalamika hata siku moja. Hilo mlilipanga kwenye vikaratasi vyenu vya rangi?"

"Hapana."

"Nimesikia vipo vingi."

Nikamuuliza kitu ambacho ningekuwa na akili nisingekiuliza. "Nilikufukuza kazi. Kwa nini unaniokoa?"

Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akinitazama zamani nikirudi na viatu visivyokuwa vyangu.

"Sijakuokoa wewe. Maagizo yakikauka, wa kwanza kuondoka ni yule aliyeleta programu. Na huyo ana mke ambaye ni rafiki yangu, na mtoto anayeniita shangazi. Wewe umo humo ndani kwa bahati mbaya tu."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nikajifanya kukohoa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Miezi mitatu nimenyamaza. Nimechoka kuwa jini. Kesho utaingia kwa bosi wako umwambie ukweli. Wote. Usiposema, keshokutwa nazima simu hii, na huyo wa mia mtampelekea mia."

"Nitamwambia, dada."

"Apa."

"Naapa."

Simu ya vitufe ikalia. Akanionyesha mlango kwa kidevu, akapokea.

Kesho yake niliingia kwa Mkurugenzi. Nataka mjue kwamba nilisema kweli. Nilisema yote, tangu simu moja hadi mtungi wa maji. Hata usingizi wa siku ya pili ya semina niliutaja. Nilipomaliza nilijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu niwe bingwa wa wepesi.

Mkurugenzi akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Miwani na dada."

"Vizuri. Basi tubaki wanne."

Nilidhani sijasikia.

"Bosi, hakuna mkakati. Kuna dada yangu."

"Nimekusikia. Sasa nisikie na wewe. Alhamisi anakuja mgeni. Kampuni yake ina matawi katika nchi kumi na moja na inataka kuungana na sisi. Unajua kwa nini? Si kwa ajili ya maturubai. Maturubai kila mtu anashona. Anataka ile programu iliyohamisha wateja wa nchi sita kutoka kwenye simu kwa miezi mitatu bila kupoteza hata mmoja. Anasema kwao wamejaribu kwa miaka minne, wamepoteza nusu ya wateja."

"Lakini hatujawahamisha."

"Hatujapoteza hata mmoja," akasema taratibu. "Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tutasema lililo kweli. Hayo mengine hakuyauliza. Na mkakati ukienda nchi kumi na moja utahitaji mtu wa kuusimamia wote. Mimi simwoni mwingine zaidi yako."

"Na dada?"

"Aendelee hadi Alhamisi ipite. Ijumaa namrudisha. Tutamtafutia cheo. Mshauri wa Uzoefu wa Wateja. Unaonaje?"

Wasomaji wangu, mnaniandikia barua kuniuliza kwa nini sijifunzi. Nami nawauliza: ninyi mngesema nini? Nilikuwa nimekwenda kujinyonga, nimepewa kiti. Nikasema, "Sawa, bosi."

Jioni nikapita kwa dada. Njiani nilikuwa nimepanga kumweleza kila kitu kama kilivyosemwa. Lakini alifungua mlango kwa haraka kuliko nilivyotarajia, akaniuliza hata kabla sijavua viatu:

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Kasema nini?"

"Kasema Ijumaa unarudi kazini. Na cheo juu."

Akashika fremu ya mlango. Dada yangu si mtu wa machozi. Alitazama pembeni, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Na huyo mgeni wa Alhamisi, uliyempigia mkeo simu mchana kumwambia? Yeye je, anajua? Maana sitaki kurudi kwa mlango wa nyuma."

Hapa ndipo palipohitaji neno moja tu. Hajui. Neno fupi kabisa, hata mtoto wangu analiweza.

"Anajua kila kitu," nikasema. "Ndiyo maana anakuja. Amevutiwa na kazi yako."

Akasogea kando ya mlango. Halafu akasema, "Marahaba."

"Nini?"

"Ulinipa shikamoo jana. Marahaba. Ingia ule."

Nikaingia, nikala. Chakula kilikuwa kitamu.

Alhamisi mgeni akafika saa nne kamili. Mwanamume mrefu, mkimya, koti la kijivu, na kalamu ya risasi ambayo hakuiweka chini hata mara moja. Lugha yetu aliizungumza vizuri, kwa kituo, kama mtu anayepita juu ya mawe. Tulikaa chumba cha mikutano: yeye, Mkurugenzi, mimi, na Miwani kwenye kompyuta.

Nikasimama, nikahubiri. Nilisema mbio fupi. Nilisema kumweka mteja katikati. Nilisema kukosea haraka, na hapo nikanywa maji. Kwenye skrini maagizo yalikuwa yanaingia moja moja. Kila lilipoingia nilimwona dada mezani kwake, kidole kinagonga kioo, amechangamka, anajua kesho anarudi kazini.

"Wateja wenu wana umri gani?" mgeni akauliza.

"Wengi wazee," nikajibu.

"Wa kwangu pia. Wa kwangu walikataa kata kata. Wa kwenu walikubali kwa nini?"

"Tuliwasikiliza," akasema Mkurugenzi.

Mgeni akaandika neno hilo. Nadhani aliliandika mara mbili.

"Ningependa kuongea na mmoja wao."

Mkurugenzi akatabasamu. Hilo tulikuwa tumejiandaa nalo. "Tuna wateja wawili wanaokusubiri kwa hamu. Mmoja wa mahema..."

"Samahani. Hao mmewachagua ninyi. Ningependa kuchagua mwenyewe."

Akainuka, akaenda hadi kwenye skrini, akaweka ncha ya kalamu juu ya jina moja katikati ya orodha. Alikuwa ni yule wa mia anayetaka sitini.

"Huyu. Amenunua mara kumi na moja bila kukosea. Tufungulie ukurasa wake."

Miwani akanitazama. Nikamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akaitazama dari, kana kwamba baba yake yuko huko juu na anaweza kushuka kusaidia.

"Mtandao uko chini kidogo leo," nikasema.

Wakati huohuo skrini ikalia: agizo jipya.

"Naona umepanda," mgeni akasema.

Miwani akabonyeza. Ukurasa ukafunguka: jina, nchi, maturubai ya buluu, pete za shaba. Na chini kabisa namba ya simu, ambayo mimi naijua kwa moyo tangu nilipopata simu yangu ya kwanza.

Mgeni hakuijua. Hata hivyo aliikunjia uso kidogo.

"Namba hii ni ya hapahapa kwenu. Mteja si wa nchi nyingine?"

"Husafiri sana," nikasema.

Akatoa simu yake mfukoni, akaandika namba ile, tarakimu moja baada ya nyingine, bila haraka. Akaiweka katikati ya meza kwenye spika.

Nilijiambia dada hatapokea. Namba asiyoijua, ataiacha. Halafu nikakumbuka kwamba katika miaka kumi na tisa hajawahi kuacha simu ilie zaidi ya mara tatu.

Ikalia mara mbili.

"Haloo, karibu, nikusaidie nini?"

Mgeni akasita. Alitarajia sauti ya mzee mwenye duka.

"Habari za asubuhi, mama. Naomba samahani. Mimi ni mgeni wa kiwanda cha maturubai. Nipo hapa kwenye mkutano..."

"Ah! Ni wewe!" Sauti ya dada ikajaa chumba kizima, imefurahi kama sijaisikia hivyo kwa miezi mitatu. "Karibu sana, baba, karibu! Kumbe umenipigia mwenyewe! Mdogo wangu aliniambia mnajua kila kitu, lakini sikutegemea heshima hii."

Mgeni akaishusha kalamu yake mezani kwa mara ya kwanza.

"Kila kitu kipi, mama?"

Nikamsikia dada anavuta pumzi. Nimempa mtu huyu wasiwasi tangu darasa la pili, na yeye amenijua tangu kabla ya hapo. Sekunde mbili zilimtosha kuelewa nilichomfanyia.

"Mdogo wangu yupo hapo?" akauliza. Furaha yote ilikuwa imekauka.

"Ni nani mdogo wako?"

"Ni yule anayetazama viatu vyake."

Nikainua uso. Nilikuwa nimechelewa. Mgeni alikwisha kuniona. Mkurugenzi chini ya meza akanikanyaga mguu, kwa nguvu, kisigino chote.

"Mpe simu," dada akasema. "Aseme yeye. Mimi nimeshamsemea mambo yake ya kutosha."

Mgeni akaisukuma simu taratibu juu ya meza, ikateleza, ikasimama mbele yangu, spika ikiwa bado wazi.